Unataka Kuboresha Mfumo wa Mafaili wa Linux? Anza na Kinachoharibika

Kila mwezi nakuta swali lilelile kwenye simu. Mmoja yuko Kigamboni, mwingine Eldoret, mwingine yupo hapahapa Sydney anasoma Chuo Kikuu cha New South Wales (UNSW), na wote wanauliza: "Kaka, nataka kuchangia kerneli ya Linux, hasa upande wa mafaili. Nianzie wapi?" Nimejibu kwa maandishi, nimejibu kwa sauti, nimejibu nikiwa nimesimama kwenye treni ya kutoka Blacktown huku mkono mmoja umeshika bomba. Leo naandika mara moja, ili mwingine akiuliza nimtumie hii.

Jibu fupi ni hili: usitafute kitu cha kubadilisha. Tafuta kitu kinachoharibika, kiharibu tena mwenyewe kwa makusudi mpaka ukizoee, ndipo uguse msimbo. Wengi wanafanya kinyume. Wanafungua faili la C, wanaona mstari usiowapendeza, wanaunyoosha, wanautuma, halafu wananiandikia wakilalamika kwamba hakuna aliyewajibu.

Kwanza ujue unachochezea

Dereva ya kadi ya sauti ikikosea, muziki unakwama na mwenye kompyuta anajua papo hapo. Mfumo wa mafaili ukikosea, mtu anaendelea na shughuli zake miezi mitatu, siku anafungua tasnifu yake anakuta nusu ni takataka. Nakala aliyoihifadhi pembeni nayo ilinakiliwa baada ya uharibifu.

Desemba 2023 tulipata mfano mzuri. Kerneli 6.1.64 ilipokea kiraka cha mfumo wa mafaili wa ext4 kilichotoholewa kutoka toleo jipya zaidi. Huko kilikotoka kilikuwa sahihi. Lakini kilitegemea kiraka kingine kilichokitangulia, na hicho hakikuletwa. Mafaili ya watu yakawa hatarini, Debian wakaahirisha toleo lao la 12.3, na kilichotoka badala yake ni 12.4. Walioshughulikia jambo hilo hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wazoefu.

Sisemi haya kukutisha. Nataka uelewe kwa nini wasimamizi wa eneo hili ni wagumu, na kwa nini watakuuliza "umeipima vipi?" kabla ya kukuuliza jina.

Maswali ninayojua utaniuliza

*Lazima niwe na digrii?* Hapana. Lazima uijue C: pointa, struct, na namna `goto` inavyotumika kusafisha njia ya makosa. Kama bado, tumia miezi miwili hapo kwanza.

*Laptopu yangu ina RAM ya GB 8.* Inatosha. Mashine pepe moja ya GB 2 itakutumikia. Kukompaili mara ya kwanza kutachukua muda mrefu, kwa hiyo iache ipikike usiku. Tenga GB 30 za diski au zaidi.

*Bando langu dogo.* Kifurushi cha msimbo kilichobanwa, kutoka kernel.org, ni takriban MB 140. Kwa Git, tumia `git clone --depth=1`. Ubaya wake ni kwamba bila historia nzima huwezi kuuliza mstari fulani uliingizwa na nani na kwa nini, na swali hilo utalihitaji kila siku. Siku ukipata mtandao wa bure, chukua historia yote. Walioko Sydney wasisumbuke: Maktaba ya Jimbo, Macquarie Street, ina Wi-Fi ya bure na meza ndefu.

*Kiingereza changu kibovu.* Wahakiki wengi si wazawa wa Kiingereza pia. Sentensi fupi zinatosha. Kinachowaudhi ni maelezo yasiyo na ushahidi. Tukiwa hapo, folda ya tafsiri za nyaraka za kerneli ina Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili bado hakimo. Sikuambii kitu.

*Italipa?* Kiraka chenyewe hakilipwi. Walio wengi kwenye kerneli ni waajiriwa wa kampuni, na kampuni huajiri watu ambao viraka vyao vimeshaonekana. Kuna programu ya Outreachy, ambayo huwa na miradi ya kerneli na hutoa posho ya dola 7,000 za Marekani kwa mwanagenzi. Kama uko Australia kwa viza ya mwanafunzi, kumbuka kikomo cha saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea. Kabla ya kupokea malipo yoyote, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako ukaulize.

*Nataka kuandika mfumo wangu mpya wa mafaili.* Nakuheshimu, lakini hapana. Hapa Sydney watafiti wa UNSW na wa taasisi ya utafiti ya NICTA waliandika mfumo wa hifadhi za flashi uitwao BilbyFs, wakachapisha kazi yao mwaka 2016. Lengo lilikuwa kuthibitisha kihisabati kwamba msimbo unafanya unachodai. Operesheni walizozithibitisha kikamilifu ni mbili. Timu nzima ya wabobezi, operesheni mbili! Rekebisha cha wengine kwanza.

Soma kidogo, lakini ukimalize

Kwenye Chuo Kikuu cha New South Wales, pale Kensington, kulikuwa na mwalimu aitwaye John Lions. Mwaka 1976 na 1977 aliwaandalia wanafunzi wake msimbo wa Unix toleo la sita, takriban mistari 9,000, pamoja na kitabu cha kuufafanua. Wanafunzi waliusoma wote. Leseni ya toleo la saba ilipokuja kukataza msimbo huo kufundishiwa darasani, kitabu kikaendelea kuzunguka dunia kwa fotokopi ya fotokopi, hadi kikachapishwa rasmi mwaka 1996.

Ninalolichukua kwake ni ukubwa wa kazi. Mistari 9,000 mtu anaimaliza. Linux ya leo imepita mistari milioni 30, hakuna anayeimaliza, kwa hiyo jikatie kipande kinachomalizika. Mimi nashauri mpangilio huu:

1. `fs/ramfs`. Ni mistari mia chache tu. Inaonyesha mfumo wa mafaili ukiwa uchi, bila diski.
2. `fs/minix`. Hapa diski inaingia: inodi, ramani ya bloku, bloku kuu.
3. `fs/ext2`. Yaleyale, kwa ukubwa wa kazi ya kweli.
4. `Documentation/filesystems/vfs.rst`. Isome baada ya ramfs. Ukiisoma kabla, utalala.

Ext4, XFS na Btrfs ziache kwa sasa.

Kwa kila funksheni, andika kwenye daftari majibu ya maswali matatu. Nani anaiita? Kufuli gani tayari zimeshikwa? Ikishindwa katikati, nini kinabaki hakijarudishwa? Swali la tatu ndilo lenye hitilafu nyingi zilizolala, kwa sababu njia ya makosa hupitwa mara chache sana na hakuna anayeiona.

Ukitaka mazoezi ya kuandika, pakua OS/161, mfumo mdogo wa kufundishia uliotoka Harvard. Wanafunzi wa mifumo endeshi UNSW huutumia, na moja ya kazi zao ni kuandika wenyewe `open`, `read`, `write`, `lseek`, `close` na `dup2`. Ni bure hata ukiwa Mtwara.

Jenga karakana kabla ya kushika patasi

1. Sakinisha QEMU na virtme-ng. Hii ya pili inawasha kerneli uliyoikompaili ndani ya mashine pepe kwa amri moja, bila kugusa ile inayoendesha laptopu yako.
2. Washa KASAN na PROVE_LOCKING kwenye usanidi. Ya kwanza hushika msimbo unaosoma kumbukumbu isiyo yake. Ya pili hupiga kelele kufuli zinaposhikwa kwa mpangilio unaoweza kukwamisha mfumo. Mashine itakuwa nzito. Vumilia.
3. Tengeneza diski mbili za uongo, kila moja faili tupu: `truncate -s 5G jaribio.img`, na nyingine ya pili.
4. Ndani ya mashine pepe sakinisha xfstests. Ilizaliwa kwa ajili ya XFS, lakini leo hupima karibu kila mfumo wa mafaili wa Linux.
5. Endesha `./check -g quick` kabla hujabadilisha herufi hata moja, uhifadhi matokeo.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa. Majaribio kadhaa yatashindwa hata kwenye kerneli ambayo hujaigusa. Usipokuwa na matokeo ya awali, utatumia wiki nzima kulaumu kiraka chako kwa kosa lililokuwepo kabla yako. Yalinikuta.

Onyo nililolilipia

Xfstests inakutaka utaje diski mbili: `TEST_DEV`, ambayo inatumika bila kufutwa, na `SCRATCH_DEV`, ambayo inafutwa na kuumbwa upya mara nyingi katika kipindi kimoja cha majaribio. Haikuulizi mara mbili.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mvivu wa mashine pepe. Nilitumia laptopu moja kwa moja, na flashi ya zamani ndiyo ilikuwa `SCRATCH_DEV`, kwa jina la `/dev/sdb1`. Jioni moja nilichomoa flashi ile, nikachomeka diski ya nje ya mke wangu ili nimnakilie kitu, nikasahau. Asubuhi nikaendesha majaribio. Ile diski haikuwa imemauntiwa, kwa hiyo hakuna kilichozuia. Nilipogundua, taa yake ilikuwa inawaka na kuzimika kwa furaha, na picha zote za arusi ya shemeji yangu Tanga zilikuwa zimekwenda. Nyumbani tulikula kimyakimya siku mbili.

Kwa hiyo:

- Majaribio ndani ya mashine pepe tu. Daima.
- Usitaje kamwe diski halisi kwa jina la `sdb` au `sdc`. Majina hayo huhama.
- Chomoa kila kisichohusika.

Kupata hitilafu ya kweli

Njia bora kuliko zote ni kasoro iliyokuuma mwenyewe: flashi ya exFAT inayogoma, seva ya ofisini inayokwama kwenye NFS. Neil Brown, alipokuwa akifanya kazi UNSW, ndiye aliyesimamia seva ya NFS ya Linux na mfumo wa RAID wa md. Zote ni zana za mtu mwenye watumiaji halisi wanaomgongea mlango.

Kama huna kasoro yako, nenda kwa syzbot. Ni roboti ya Google inayoishambulia kerneli usiku na mchana kwa pembejeo za kiwendawazimu, kisha inaweka hadharani kila inapoangusha. Chuja orodha yake kwa mifumo ya mafaili. Chagua taarifa yenye programu ya C ya kurudia kosa. Isiyo na programu hiyo achana nayo. Kompaili, endesha, hakikisha na kwako inaanguka. Isipoanguka kwako, bado huna kazi.

Sasa tuangalie mfano mmoja kwa karibu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokosea.

Mwaka 2024 syzbot iliangusha Squashfs, mfumo wa kusoma tu unaotumika kwenye vifurushi vya snap na diski za kusakinishia Linux. Picha ya diski ilikuwa imechafuliwa: faili la njia ya mkato, lile ambalo kazi yake ni kuelekeza tu kwenye faili jingine, lilidai lina ukubwa wa baiti zaidi ya bilioni 3.8. Kerneli ikaamini. Namba hiyo ikawekwa kwenye kigezo cha aina ya `int`, ambacho mwisho wake ni bilioni 2.1 na kidogo, ikageuka kuwa hasi. Kitanzi cha kujaza ukurasa wa kumbukumbu kikaona urefu ni chini ya sifuri, kikajiona kimemaliza kazi kabla ya kuanza. Ukurasa ukatoka bila kujazwa. Mbele zaidi, msimbo wa kufuata njia ukausoma ukurasa ule kana kwamba una maandishi.

Ungeweka wapi tiba?

Anayeanza huweka `if` pale palipoanguka, mwishoni kabisa. Roboti inanyamaza, naye anashangilia. Lakini namba ya uongo bado imo ndani ya inodi, na kesho funksheni nyingine itaiamini. Tiba iliyokubaliwa iliwekwa mlangoni, pale inodi inaposomwa kutoka diskini: ukubwa wa njia ya mkato ukizidi ukurasa mmoja, kataa, rudisha kosa. Mistari michache tu. Sehemu ngumu ilikuwa kuifuata namba kinyumenyume mpaka ilikoingilia.

Fanya hivyohivyo. Diski ni mgeni usiyemjua. Mkague mlangoni, usimngoje afike chumbani.

Kiraka kina maneno mengi kuliko msimbo

Usishangae kiraka cha mistari minne kuwa na aya tatu za maelezo. Panga hivi:

- Kichwa: jina la mfumo, nukta mbili, halafu tendo. Kifupi.
- Mtumiaji anaona nini kosa likitokea.
- Kosa linatokeaje, hatua kwa hatua, kama nilivyosimulia la Squashfs.
- Kwa nini tiba iko hapo ulipoiweka na si kwingine.
- Mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha kiraka kilicholeta kosa.
- Mstari wa `Signed-off-by:` wenye jina unalojulikana nalo, si la kujificha.

Huo wa mwisho uchukulie kama kiapo. Unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kama umeajiriwa, au unasoma kwa ufadhili, soma mkataba wako kabla: huenda kazi ya mikono yako ni mali ya mwingine. Na kama msimbo umeandikiwa na programu ya akili mnemba huku wewe huwezi kuutetea mstari kwa mstari, usitume. Swali la kwanza tu la mhakiki litakuumbua.

Kisha:

1. Pitisha kiraka kwenye `scripts/checkpatch.pl`.
2. Uliza `scripts/get_maintainer.pl` nani wa kutumiwa. Usibahatishe majina.
3. Kitume kwako mwenyewe kwa `git send-email`. Kipokee, kiweke juu ya msimbo msafi, ukompaili.
4. Kikikubali, tuma kwa wahusika.

Kurasa za Gmail kwenye kivinjari huharibu tab na nafasi za mwanzo wa mistari. Kiraka kilichobandikwa humo hakiwekeki kwa yeyote, na kimya utakachokipata ndilo jibu lenyewe.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kutuma usafi mtupu wa nafasi na tahajia kwenye ext4 au XFS. Wahakiki wake ni wachache na wana viporo.
- Kiraka kimoja chenye mambo matatu. Kitenganishe.
- "Nimeikompaili" kuandikwa mahali pa "nimeipima".
- Kukumbusha baada ya siku mbili. Ngoja wiki, bora mbili.
- Kutuma toleo la pili bila kuandika `v2` wala kueleza kilichobadilika.
- Kujibu juu ya barua nzima badala ya chini ya kila hoja.
- Kutuma kitu kipya katika zile wiki mbili ambazo Linus Torvalds anapokea mazao ya toleo lijalo. Wasimamizi wengi wakati huo hawana masikio.

Kungoja, na kukataliwa

Toleo la kerneli huchukua wiki tisa hadi kumi. Kiraka chako kinaweza kupita wiki hii kikawafikia watu baada ya miezi mitatu. Huku Sydney wahakiki wa Ulaya huamka siku yetu ya kazi inapoisha, na wa Marekani tunapojiandaa kulala, kwa hiyo swali moja na jibu lake humeza siku nzima. Afrika Mashariki mna nafuu: asubuhi ya Ulaya ni asubuhi yenu pia, mnaweza kujibizana siku hiyohiyo. Itumieni.

Ukikosolewa kwa ukali, jibu hoja na uache sauti. Kiraka changu cha kwanza kilikataliwa kwa sentensi moja. Cha pili kilikataliwa kwa aya mbili, nikajua nimepanda cheo: mtu alikuwa ameona kinafaa kuelezewa. Cha tatu kiliingia, mistari sita, kuachia kumbukumbu iliyokuwa ikivuja mfumo uliposhindwa kumauntiwa.

Ukikwama kwenye karakana, niandikie uniambatanishie matokeo ya `./check -g quick` ya kerneli ambayo hujaigusa. Usipokuwa nayo, nitakachokujibu unakijua.